Mkono Uliongoja Kupimwa

Mimi sijui kukaa nikingoja. Miezi ile ya fomu ya fidia nilizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilianza kusaga nikaacha, nilichukua ndoo nikairudisha, na macho yangu hayakuondoka kwenye mkono wa kulia wa mume wangu.

Alikuwa kibarua wa barabara ya kwenda Singida mjini. Jiwe lilimponda mkono walipokuwa wakipakia lori. Hospitali walimfunga plasta, na siku ya kuitoa daktari alitueleza sote wawili: avikunje vidole na kuvikunjua kila siku, hata vikiuma, la sivyo vitakakamaa. Mimi nilisikia hilo. Yeye alisikia jambo jingine, kwamba baada ya miezi kadhaa atarudi kupimwa, na fidia yake itategemea ulemavu utakaoonekana.

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, ndiye aliyeharibu kabisa. "Mdogo wangu, ukienda pale unakunja ngumi, umejinyima mwenyewe," alimwambia. "Mkono uache ulale."

Basi ukalala. Aliufunga kitambaa, akautundika shingoni. Kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa kipya, jirani na Mungaa, nyumba zimepangwa kwa mistari, kila mtu anamwona mwenzake mlangoni. Zamani, tulipokaa mbalimbali, angeweza hata kukamua ng'ombe asionekane. Hapa alimwogopa katibu wa kijiji, akawaogopa na majirani waliotoka shamba la pamoja, maana cheti cha hospitali kilimsamehe jembe. Nilipasha maji, nikaleta samli nimkande. Akauvuta mkono.

"Baba watoto, mkono unakauka huo!"

"Wacha, mama. Nikishapimwa nitaufanyisha mazoezi. Haraka ya nini?"

Haraka ya nini! Hasira ilinipanda hadi nikamkaripia shemeji mbele ya watu, jambo ambalo kwetu mwanamke halifanyi, kisha nikaomba radhi shingo upande. Mstari wa pili kulikuwa na mama mmoja aliyevunjwa mkono na ng'ombe dume msimu uleule. Hakuna aliyempa fomu. Palizi ilipofika alikuwa shambani kwake anapalilia mtama, analalamika kwa sauti kila akiinua jembe. Nilimwonea wivu.

Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Daktari yuleyule alivuta kidole kimoja kimoja, akaandika, akagonga mhuri. Halafu akafungua daftari jingine, akaniuliza kama mume wangu alikuwa akivikunja vidole nyumbani. Niliinamisha kichwa.

"Humu naandika wote ninaowatibu mikono," alisema. "Wakulima wasio na fomu wanapona kuliko nyinyi wenye fomu. Nataka niwaonyeshe wakubwa, wabadili utaratibu huu wa kuwangojesha watu. Mzee, karatasi yako imekwisha, hakuna atakayeifuta. Sasa nikunjie ngumi kwelikweli."

Mume wangu aliniangalia, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeruhusiwa kuvua kiatu kinachobana. Akakunja. Vidole vikasimama palepale. Akakaza meno, jasho likamtoka usoni, bega zima likatetemeka. Alijaribu tena, na tena, mpaka daktari akamshika bega. Miezi yote ile nilikuwa nimemwona akijizuia. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akishindwa.