Mchezo Aliofutiwa Caidi

Kila msimu wa kuchuma chai ukiisha, kijiji chetu huita kundi la waigizaji waimbaji, wote wanawake, wacheze siku tatu mbele ya hekalu. Jirani yangu Caidi hakosi. Huja na taulo begani, maana leso haimtoshi kwa machozi.

Mwaka ule mwanawe Qiming, wa miaka tisa, alikuwa amezama mtoni. Hakuna aliyemwona Caidi akilia. Alichuma chai, akaitikia salamu.

Orodha ya michezo ilipobandikwa, aliisoma, kisha akaenda kwa Bingyan, mdogo wa mumewe, msimamizi wa sherehe. Mimi nilikuwa pale, namenya machipukizi ya mianzi na mke wa Bingyan.

"Shemeji, mchezo wa mama anayemtafuta mwanawe uko wapi?"

"Tumeutoa. Mwaka huu tucheke kidogo."

"Nani kakwambia nataka kucheka?"

Bingyan akainama. "Nilikuonea huruma. Yule mtoto wa mchezoni hapatikani, shemeji."

"Nimeuona mara kumi na moja. Najua hapatikani."

"Sasa unaufuatia nini?"

Caidi akavuta kigoda, akaketi. "Nikitokwa na chozi nyumbani, mama mkwe analeta uji, mume wangu anatoka nje, wewe unaniambia nijikaze. Haya, nimejikaza. Pale watu mia tatu wanalia na hakuna anayemwambia mwenzake nyamaza. Halafu yule mama anayasema yote, moja baada ya jingine, kwa sauti nzuri. Mimi yangu yamenikwama, sijui hata yanaanzia wapi."

"Mrudishie mchezo wake," mke wa Bingyan akasema. "Mwenyewe mwaka juzi ulilia ukasingizia moshi wa udi."

Ukachezwa siku ya pili, alasiri. Mama wa jukwaani alipokunjua kanzu ndogo ya mwanawe, Caidi alijifunika taulo akalia mpaka benchi likatikisika. Nami nililia, ingawa wanangu wote ni wazima. Mumewe, ambaye hajawahi kuketi kutazama mchezo, alitoka nyuma ukutani, akaketi kando yake, akashika ncha ya pili ya taulo.

Baadaye Caidi alimaliza mabakuli mawili ya tambi.

"Yule dada aliyecheza mama anakokota sauti mno," aliniambia. "Yule wa zamani alikuwa anajua kuikata."

Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunisimulia jinsi Qiming alivyokuwa akiwaogopa mabata bukini.