Hoda na Ng'ombe wa Akai

Watu wa mtaa wa Wabera, hapa Isiolo, watakuambia Hoda ni mwanamke mwema. Mimi nitakueleza nimjuavyo, na haki ya kueleza ninayo, kwa sababu ndiye aliyenichukulia mume.

Alizaliwa Kinna, kwa Waborana wanaolima vitunguu kwa maji ya mfereji. Akaozwa Sericho kwa mwenye ngamia, akakaa huko kwenye kiu bila kupata mtoto, mpaka yule mwanamume akamwacha. Akaja Isiolo mjini na vibuyu vyake, akaanza kuuza maziwa ya ngamia karibu na msikiti. Maziwa yake yana harufu nzuri ya moshi na hayaharibiki upesi. Hilo nalijua, kwa sababu kuni za kufukizia vile vibuyu zilikuwa zangu. Mimi huuza makaa na kuni, na kila wiki nilimtuma mume wangu Ewesit ampelekee mzigo kwa mkokoteni. Nilimtuma mimi mwenyewe.

Hoda ana miguu yenye hina hata siku ambayo si sikukuu. Anacheka kidogo kidogo, kama mtu anayeweka akiba. Ukimtazama utasema hajawahi kubeba kitu kichwani, na mimi utosi wangu umeota upara kwa ajili ya magunia.

Ewesit alikuwa mlevi. Simsengenyi, mtaa mzima ulijua. Nilifunga, nikakesha kanisani, nikashika miguu ya sanamu ya Bikira Maria nikilia, "Mama, mwachishe chang'aa." Hakuacha. Halafu akaenda kwa Hoda, akasilimu, akaitwa Yusuf, na chang'aa akaiacha siku hiyo hiyo. Sasa anapita sokoni na kanzu iliyopigwa pasi, mashavu yamejaa, ananisalimu kwa upole kama mgeni. Hebu niambie. Kufunga nifunge mimi, kulia nilie mimi, halafu jibu lipelekwe Wabera.

Kanisani, Mama Kiambi, mwenyekiti wetu wa akina mama, alinikataza hata kununua chumvi kwa Mwislamu. "Ukimsalimia, umekubali," alisema. Hakuwa na haja ya kurudia. Hoda naye hakupata amani kwao. Kaka yake Huqa, anayechinja mbuzi na ng'ombe wa sokoni, alitangaza kwamba Mturkana hata akisilimu mara saba ni Mturkana tu, na toka siku hiyo hakukanyaga nyumbani kwa dada yake. Niliposikia hivyo nililala vizuri.

Basi mwaka huu binti yetu Akai akachumbiwa na mtu wa kwetu, wa ukoo mzuri. Kwetu Waturkana ndoa ni ng'ombe. Siku ya harusi bwana harusi anachoma dume mkuki mbele ya boma la mama mkwe, na baba wa binti anakula nyama ile. Asipokula, mama yangu alikuwa akisema, binti ameazimwa tu, hajaolewa.

Ewesit akamtumia Akai neno. Atakuja, atakaa na wazee, atambariki kwa mdomo, lakini kula hawezi. Ng'ombe wa mkuki ni mzoga.

Mzoga. Akai aliniletea neno hilo akilia. Mimi sikulia. Nilikumbuka dume mwekundu ambaye Ewesit mwenyewe alimchoma mkuki mlangoni kwa mama yangu, damu ikamrukia shingoni, akacheka. Kama yule alikuwa mzoga, mimi nilikuwa nani miaka yote ile?

"Ng'ombe atachomwa mkuki," nikamwambia Akai. "Baba yako achague, nyama au kanzu."

"Mama, huyo ng'ombe ni wangu au ni wako?"

Nikachukua gunia, nikatoka uani.

Siku chache baadaye nilikuwa napanga makaa uani, nikaona hina mbele yangu. Hoda alikuwa amesimama na kibuyu mkononi.

"Salaam aleikum," akasema, kisha akajirekebisha. "Habari, Mama Akai."

"Ilikuwa nzuri, kabla hujafika."

"Naomba kukaa."

"Hapa ni makaa matupu. Utachafuka."

Akakaa chini juu ya gunia, wala hakulipangusa.

"Amekutuma?"

"Hajui nimekuja. Angejua angenifungia mlango."

"Kwangu hakuwa na nguvu za kufunga mlango. Alikuwa akiutafuta mahali ulipo."

Akacheka kile kicheko chake. Nikajuta kumpa mzaha wa bure.

"Mama Akai," akasema, "tangu atume lile neno, mzee hagusi chakula. Kuna watu wanamletea maneno yako, na kuna watu wanakuletea maneno yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza."

"Kuuliza nini?"

"Huo mkuki ni wa nini?"

Toka nizaliwe hakuna Mborana aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza. Kijana anapoinua mkuki mbele ya watu anaapa kwamba mkono wake utamlisha binti na kumlinda. Mama anaangalia mkono ule kama unatetemeka.

"Kwa hiyo mnachotazama ni mkono," akasema Hoda.

"Ni mkono."

"Na sisi hatukatai ng'ombe wenu. Tunataka akatwe koo akiwa mzima, jina la Mungu litajwe, basi. Sasa kijana si ainue mkuki, aguse ubavu, watu waone. Halafu kisu kifanye kazi ya kisu."

"Na atakayeshika kisu ni nani?"

"Kaka yangu."

Nikacheka kwa sauti. "Huqa? Yule wa mara saba?"

"Nitamwomba."

"Na wewe unapata nini, Hoda?"

Akachora kwa kidole kwenye vumbi la makaa.

"Mimi sitaoza mtoto. Unajua. Nilitaka siku moja nikae upande wa akina mama, hata mwishoni kabisa. Nikimwona Akai sokoni anatembea kama wewe, naumia. Nakuonea wivu, Mama Akai. Ndiyo hivyo."

Niliinama nikaendelea na makaa yangu, lakini moyoni niliingiwa na utamu. Kumbe huko Wabera, kwenye nyumba yenye zulia, kuna mtu anayekosa usingizi kwa ajili yangu. Nikampikia chai. Sukari sikuweka nyingi.

Mama Kiambi aliposikia, akaja mbio kuniambia kwamba kwaya haiwezi kuimba penye kisu cha Waislamu. Nikamuuliza ile nyama anayonunua sokoni kila Jumamosi inachinjwa na nani. Akaondoka bila kuaga.

Siku ya harusi Huqa alifika na visu vyake vimefungwa kwa kitambaa, uso umekunjamana. Mzee Ekidor, baba mkubwa wa bwana harusi, alimpokea akiwa ameegemea mkuki.

"Kijana, ni wewe unayesema nyama yetu ni mzoga?"

"Na ni wewe mzee unayesema tunawadharau?"

"Kwani hamtudharau?"

Huqa akatazama chini. "Mimi nilidhani mkuki ni fujo tu. Kiapo chenu nimekisikia juzi, kutoka kwa dada yangu."

"Na mimi nilidhani mnakataa kula na sisi," Ekidor akasema. "Kumbe maneno yote haya ni ya koo la ng'ombe. Sasa alale akitazama wapi?"

"Kaskazini, upande wa Makka."

"Kaskazini? Hata babu zetu walitoka huko. Mlaze!"

Watu wakacheka, na Huqa akacheka bila kupenda. Bwana harusi akainua mkuki. Niliutazama ule mkono. Haukutetemeka. Ukagusa ubavu wa dume, tukapiga vigelegele, na Huqa akataja jina la Mungu, kisu kikapita. Katekista wetu alikuwa ameshikilia kofia kifuani.

Nyama ilipoiva nilimpelekea Ewesit mwenyewe. Hiyo ilikuwa haki yangu, sikumwachia mtu. Alikuwa amekaa katikati ya wazee na kanzu yake. Akai alisimama mlangoni na shanga zake shingoni, macho kwa baba yake.

"Amechinja Huqa," nikasema. "Si mzoga."

"Nakolong," akaniita. Tangu aondoke hakuwahi kulitaja jina langu. "Lile neno lilinitoka vibaya. Yule dume mwekundu hakuwa mzoga."

Akasema bismillahi, akala. Akai akaketi chini palepale mlangoni, akaficha uso kwa mikono. Huqa akamsogelea Ewesit, akampa mkono, akamwita shemeji.

Nilitaka kubaki pale nimtazame akitafuna. Nilitaka aniombe chumvi kama zamani. Lakini aliinua kichwa, akamtafuta Hoda kwa macho, ili Hoda aone kwamba amekula. Hata hapo, na nyama ya harusi ya mtoto wangu mdomoni.

Nikarudi upande wa akina mama. Hoda alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na ua wa miiba, na kibuyu chake mapajani. Shangazi mmoja wa bwana harusi akaniuliza, "Na huyu Mborana ni nani?"

Wanawake wote wakanigeukia. Kanisani hakuna jina la mtu kama yeye, na majina niliyokuwa nikimwita nyumbani hayasemeki mbele ya wageni.

"Ni mke wa baba yake Akai," nikasema. "Msogezeeni nafasi."

Akaja akakaa karibu nami. Nguo zake zilinuka moshi wa vibuyu. Nikamkatia nyama ya akina mama, kipande chake na changu. Changu kilikuwa kikubwa zaidi. Alikiona, akala.

Siku hizi ananunua kuni kwangu tena. Nikifika Wabera hunipa maziwa, tunakaa, tunaulizana habari za dini yake na yangu, siku nyingine tunagombana mpaka majirani wanachungulia. Mzigo naupeleka mwenyewe. Simtumi mtu.