Divai Kavu ya Ngendo

Ngendo alichoka kabla wageni hawajafika. Alikuwa amechinja kuku, akaponda mukimo wa viazi na mahindi kwa mikono yake mwenyewe, akachemsha mizizi ya nduma, akasukuma chapati mpaka mabega yakakataa. Jirani alipochungulia mlangoni kumuuliza kama amsaidie, alijibiwa kwamba siku Ngendo atakayohitaji msaada itakuwa siku ya kubebwa kaburini, na huko wabebaji hawakosekani. Ndivyo alivyokuwa mama huyo wa mtaa wa Skuta. Magoti yalikuwa yamemtesa miaka, na fimbo aliyonunuliwa na mwanawe Mwai aliitumia kufukuza mbuzi wa watu tu.

Zamu ilikuwa yake. Walikuwa wanawake wanne wazee, wakitembeleana nyumba kwa nyumba, kila mwezi kwa mmoja wao. Zamani walikuwa wengi. Wengine walikufa, wengine walichukuliwa na watoto wao kwenda kulea wajukuu Nairobi, wakabaki Ngendo, na Tabby muuza mitumba, na Murugi wa kwaya, na Monicah wa Mweiga. Lakini Monicah, kwa Ngendo, hakuwa wa kuhesabiwa na hao wengine. Walichuma kahawa pamoja wakiwa wasichana, wakaolewa mwaka mmoja, wakasaidiana kuzika mabwana zao. Hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kumwita Ngendo "mwari wa maitu", yaani binti wa mama yangu, na hawakutoka tumbo moja.

Habari ya divai ililetwa na Magdaline, binti wa Monicah, aliyeolewa Ufaransa. Kila akija nyumbani alimwachia mama yake chupa kadhaa, naye Monicah alizileta mkutanoni moja moja. Hawa hawakuwa wanawake wa pombe. Murugi alikataa kabisa mpaka akakumbushwa kwamba hata meza ya Bwana ina divai, basi akakubali, bora inywewe kwa vikombe vya chai, ili mzee wa kanisa akipita asione kitu. Na kila mmoja lazima aseme amesikia nini mdomoni.

"Mimi nasikia matunda ya plamsi yaliyosahaulika kwa sufuria," Tabby angesema.

"Mimi dawa ya kikohozi," angesema Murugi. "Lakini ile ya bei."

Ngendo alisema daima, "Iko sawa." Yeye alisikia uchachu tu, uchachu wa kukunja uso, lakini hakutaka kuwa mtu wa kushindwa na kitu ambacho Tabby amekiweza.

Sasa mwaka huo Monicah alikuwa amepelekwa kumwona binti yake, akakaa huko mpaka shamba lake la viazi likaota magugu. Aliporudi alikuwa na mambo. Alimpigia Ngendo simu kabla ya ile siku akamwambia, "Chakula usitoe kwanza. Huko divai inaonjwa ulimi ukiwa safi, halafu ndio watu wanakula."

Ngendo aliitazama simu. Kumketisha mgeni na kikombe, na mkono wa pili mtupu! Mama yake angefufuka. Lakini aliyesema ni Monicah, basi alikubali. Chakula alikifunika jikoni, akaketi na wenzake mbele ya meza tupu, kitambaa cheupe kikimwangalia kama jicho.

Monicah alifungua chupa aliyomletea Ngendo, akamimina. Akashika kikombe akakizungusha, akakizungusha, tone likaruka likaanguka kwa kitambaa.

"Monicah, unasuuza kikombe ama unakunywa?" Murugi akamwuliza, Tabby akacheka mpaka akashika mbavu.

Monicah hakujali. Alinusa, akaonja, akafunga macho. Kisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Ngendo, hii yako ni kavu. Kavu kabisa!"

Mtu asiye wa huku kwetu hataona kosa hapo. Lakini huku, chai isiyo na mkate wala nduma ya kuisindikiza inaitwa chai kavu. Neno hilo unalisema ukishafika kwako, juu ya mchoyo, au juu ya nyumba iliyo na njaa. Husemi mbele ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba huyu chakula kilikuwa jikoni kinapoa, na aliyemwambia akifiche ndiye huyu anayemtangazia watu.

Ngendo aliinuka. Akaleta kuku, akaleta mukimo, akaleta nduma na chapati, kila sahani ikitua mezani kwa kishindo.

"Haya. Si kavu tena. Kula."

"Ngoja, mwari wa maitu, hujanielewa..."

"Nimeelewa. Mimi si wa kufundishwa nyumba yangu."

Walikula kama watu waliotoka kuzika. Monicah aliondoka chapati yake ikiwa nusu.

Baada ya hapo Monicah alipiga simu, Ngendo akaiangalia tu ikilia. Mkutano uliofuata ulikuwa Mweiga, akasema ana homa. Simu ikapunguza kulia, mwishowe ikanyamaza. Na Ngendo, badala ya kushiba ushindi, aliona amechoka zaidi. Hasira kwa kijana ni moto, unamtia nguvu. Kwa mzee ni gunia la viazi, analibeba mchana kutwa wala haoni mahali pa kulitua. Usiku hakulala vizuri. Asubuhi aliamka akiwa amechoka tayari.

Siku moja Tabby alipita akitoka sokoni, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Mwai, kichwa yako ni ngumu kama ya punda. Unajua divai kavu ni gani? Ni ile haina sukari. Hivyo ndio wanaiita huko. Alikuwa anaisifu!"

"Kitu ya maji inawezaje kuwa kavu?"

"Uliza Wafaransa."

"Na si angesema haina sukari?"

"Angesema saa ngapi, na wewe unarusha sahani?" Tabby alishusha sauti. "Magdaline anataka kumchukua akaishi huko, moja kwa moja. Monicah anasema kama hata Ngendo hamtaki, hapa anabakia na nani?"

Kesho yake Ngendo alivaa koti akaenda Mweiga.

Alimkuta Monicah ameketi kibarazani na shuka mabegani, baridi ya milima ya Aberdare ikishuka. Hakuna aliyesalimia vizuri.

"Nimekuja kuona viazi vyako," Ngendo akasema.

"Vilichimbwa."

"Ah."

Alijiketisha polepole, goti moja kisha lingine. Neno la kuomba msamaha alikuwa nalo tangu Skuta, lakini alianza na lingine.

"Ati unaenda Ufaransa?"

"Nikikaa, nitakaa na nani?"

Ngendo aliangalia mikono yake. "Mimi sijui maneno ya divai," akasema mwishowe. "Uliposema kavu, nilisikia chai."

Monicah alimgeukia. Mdomo ukamtetemeka, akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ulifikiri nimekuambia uko na njaa? Mbele ya Tabby?"

"Na wewe ungefikiri nini?"

"Ningekurushia kikombe!"

"Basi mimi ni mpole. Nilileta kuku." Akamrekebishia shuka begani. "Utaenda?"

"Niende wapi na hii miguu? Mkwe wangu anakula konokono." Monicah alijipangusa macho. "Lakini Skuta sitakuja kila wakati, Ngendo. Nimechoka. Wewe ndiye utakuja."

"Na mimi sijachoka?"

"Umechoka kuliko mimi. Ni vile hukubali."

Ngendo alijiegemeza ukutani. Monicah aliingia ndani akatoka na chupa na vikombe viwili, akamimina, akampa mwenzake chake, akaanza kueleza: hii inatoka upande wa milima, zabibu zake zinachumwa zikiwa zimechelewa, kwa hivyo ni tamu, mpaka wewe utaiweza. Alieleza mvua ya huko na udongo wa huko, akageuka kuuliza mwenzake anasikia nini.

Ngendo alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa kifuani, viatu miguuni, kikombe mkononi bado kimejaa. Monicah alikitoa polepole kwenye vidole vyake, akamfunika na shuka lake mwenyewe, na kwa kuwa hadithi ilikuwa haijaisha, akaendelea kuisimulia.