Mwanamke Aliyeonja Mboga za Watu

Hebu mwone anavyokuja. Mwanamke mrefu, mwembamba, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya matope ya Kano, anakatisha kwenye kingo za mashamba ya mpunga kuelekea bomani kwako. Mlango wa mbele haugusi. Anazunguka moja kwa moja mpaka jikoni, anasalimu, halafu anauliza, "Umepika nini leo, Mama? Nionjeshe."

Usiudhike. Ukidhani ni njaa inayomleta utakuwa umemkosea, kama wengi walivyomkosea. Huyo ni Rosa Awuor, ambaye sisi wa Ahero, hapa Kano, tunamwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa kuwa alizaliwa Kombewa, kule Seme, akaolewa huku. Keti nikueleze alivyofikia kuonja mboga za watu, na kwa nini mimi nikilikumbuka jambo hili huwa nakasirika upya.

Mwaka wa 1989 ulikuja mradi wa kufundisha watu juu ya presha. Wakati huo mtu akianguka shambani, mdomo ukaenda upande, sisi tulikuwa tunamtafuta aliyemroga. Mume wa Rosa alikufa hivyo, na kidole kikamwelekea Rosa. Kwa hiyo mradi ulipotafuta mtu wa kijijini wa kusaidia kufundisha, yeye ndiye aliyetangulia kusimama. Akapewa picha kubwa ya kukunja: kijiko cha chumvi kimekatwa kwa mstari mwekundu. Aseme chumvi ni adui, aliagizwa, wala asiongeze neno.

Mwanafunzi wake aliyemsikia kuliko wote alikuwa Mama Dorca, muuza nyanya wa sokoni, mwenye mdomo mwepesi. Alipimwa, presha ikakutwa juu, akaanza kupewa vidonge. Siku hiyohiyo akatoa chumvi yote nyumbani kwake.

"Nimempa ng'ombe," aliwaambia wenzake. "Yeye hajapimwa."

Kila mwezi watu walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa kupimwa, na kila mwezi presha ya Dorca ilikuwa imepanda. Mkubwa wa mradi, Bwana Laban, alikuwa akija na gari kutoka Kisumu na kuondoka kabla chakula hakijaiva. Siku moja akamsimamisha Dorca mbele ya watu wote.

"Mama, wewe unakula chumvi kwa kujificha."

"Sijaigusa, Bwana."

"Mashine haidanganyi."

"Basi iulize hiyo mashine nilikula nini, ikuambie."

Watu walicheka. Laban hakucheka. Akatangaza kwamba vidonge ni vya wanaoshika mafundisho, na Dorca hatapata tena mpaka akiri kosa mbele ya baraza na kuomba msamaha. Nawe fikiri hapo. Mgonjwa ananyimwa dawa kwa sababu ugonjwa wake umezidi.

Rosa alimfuata Dorca nyumbani.

"Hata wewe, Nyar Seme? Umekuja kunitafutia chumvi chini ya kitanda?"

"Nimekuja kula."

Dorca akampakulia ugali na apoth, ule mlenda wetu. Rosa akatia tonge mdomoni.

"Umeweka nini humu?"

"Magadi. Chumvi mlinikataza, sasa mboga itapita kooni namna gani? Nimeongeza kidogo." Akamwonyesha donge alilolinunua sokoni, kubwa kama ngumi.

Rosa mwenyewe alikuwa akitia magadi kwenye apoth yake, kama kila nyumba ya Kano. Hakuwahi kuyafikiria. Kwetu magadi ni ya kulainisha mboga, hakuna anayeyaita chumvi.

Kesho yake alilibeba lile donge mpaka hospitali, Kisumu, akamwonyesha muuguzi mmoja, Sista Zeituni.

"Haya nayo yana kitu kilekile cha kwenye chumvi kinachopandisha presha," alisema Zeituni. "Kwani huko hamkuambiwa?"

Hatukuambiwa. Waliochora ile picha hawakuwahi kuinama kuingia jikoni mwa mtu yeyote wa Kano.

Rosa akapitia ofisi ya mradi. Laban alimsikiliza akiwa amesimama.

"Mama Rosa, mafundisho yameshachapishwa. Nikiongeza magadi leo, kesho watu watasema tulikosea."

"Tulikosea, Bwana."

"Kazi yako ni kushika picha. Huyo mama aombe msamaha, mambo yaishe."

Rosa alirudi akamkuta Dorca amejifunga kitambaa kichwani kwa maumivu, jicho moja linaona ukungu. Akamweleza juu ya magadi, Dorca akalitupa uani donge jingine alilokuwa nalo, lakini vidonge je?

"Usiombe msamaha," Rosa alimwambia. "Hujakosa."

"Nikikaa na haki yangu hapa, itanishusha presha? Yeye anataka kuniona nimeinama, mimi nataka dawa. Mgongo huu umezoea kuinama shambani."

Kwenye baraza lililofuata Dorca alisimama. "Nilikula chumvi. Nisameheni." Makofi yakapigwa. Laban akampa vidonge kwa mkono wake mwenyewe, akawageukia watu. "Mmeona faida ya kusema kweli?"

Na wale akina mama waliopiga makofi walirudi nyumbani, wakatia magadi kwenye sufuria zao bila wasiwasi wowote. Mwenye makosa alikuwa ameshapatikana: chumvi.

Rosa alikuwa palepale mbele, picha mikononi, magadi ndani ya mfuko wa gauni. Angefungua mdomo, Dorca angeonekana mwongo tena na vidonge vingerudi kwenye sanduku. Akaendelea kuishika picha mpaka Dorca alipovifunga vidonge kwenye leso na kutoka uwanjani. Kisha akailaza ile picha mezani mwa Laban, akaondoka, akaanza na jiko la jirani, akionja mboga na kueleza juu ya magadi.

Mradi ulipofungwa tulisomewa ripoti yao. Ilisema watu wa hapa ni wagumu kufundishika. Wagumu, watu waliompa ng'ombe chumvi yao siku ileile walipoambiwa.

Dorca yupo, anauza nyanya zake. Rosa naye bado anazunguka, hana mashine wala barua ya mkubwa yeyote. Wako wanaomfungia mlango, wanasema anadoea. Sasa akifika kwako na viatu mkononi, akaomba kuonja, utamfunulia sufuria?