Maiki Haitakiwi Kulia

Ukimsalimu Emorut ukiwa nyuma yake hakuitikii, na Malaba ni mji unaosamehe wizi wa kuku upesi kuliko salamu iliyoachwa hewani. Kwa hiyo wamekwisha kumhukumu. Wanasema amekuwa na maringo tangu aanze kutengeneza vitu vya wanamuziki. Mama Alupo, muuza chai, ambaye zamani alimletea kikombe hadi mlangoni, alimwamkia siku tatu mfululizo akiwa ameinamia tupa yake, asijibiwe, naye akapeleka chai yake kwingine. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba masikio ya fundi yamekufa, kwa sababu fundi mwenyewe alikuwa ameapa kutomwambia mtu.

Yaliuawa na nyundo. Ujanani Emorut alitengeneza vile vichujio vya bati vinavyofungwa mwisho wa mirija ya kunywea ajono, pombe ya wimbi ya Wateso, akitoboa kwa nyundo na msumari, kutwa nzima, matundu madogo mno hata pumba isipite. Mkono uleule ndio unaotoboa leo vichwa vya maiki. Anachukua kipande cha bomba la alumini au la shaba kwa wauza vyuma vikuukuu, anakikata, anakipiga tupa, anakitoboa, kisha anakisugua kwa msasa hadi king'ae kama sufuria ya bibi harusi. Hilo ni ganda tu. Vya ndani, yaani nyaya na kile kisahani kinachonasa sauti, huwekwa na Brendah, mwanamke anayeendesha studio ya nyimbo za kwaya mjini Busia, ambaye hakuona sababu ya kuagiza ng'ambo kitu ambacho mkono wa Malaba unakiweza.

Sasa, ganda la maiki lina sharti moja: liwe bubu. Mwimbaji akiimba na ganda nalo likaanza kulia kama kengele, wimbo umeharibika. Kwa hiyo Emorut hulining'iniza kila ganda kwa uzi, akalidunda kwa ukucha, akasikiliza. Likilia, hulibandika ndani vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka linyamaze. Tangu mwaka juzi yote yamekuwa yakinyamaza kabla hajabandika chochote. Hakuwa mjinga, alijua ni nini kimebadilika. Akawa anabandika kwa kukisia.

Mbona hakusema? Kwa sababu tangu amzike mkewe Quinter, mtu pekee aliyevuka kizingiti chake kila juma ni Brendah. Kila Alhamisi huja kuchukua maganda, akakaa kwenye stuli, akazungumza. Emorut haambulii hata nusu ya maneno, lakini anaupenda ule uso unaomtazama. Na fundi wa maiki asiyesikia, nani atamwendea tena? Basi akajifunza ujanja wa viziwi waoga: kutikisa kichwa na kusema sawa, sawa.

Ujanja huo ulimgharimu Krismasi. Binti yake Adeke, aliyeolewa Nakuru, alipiga simu mwezi wa Novemba, akaongea kwa kirefu, na baba mtu akaitikia sawa, sawa, mpaka simu ikakatika. Siku ya sikukuu alichinja jogoo, akavaa shati la kanisani, akaketi mlangoni. Jioni ujumbe ukaingia: "Baba, tuko kwa wakwe kama nilivyokuambia. Asante kwa kutuelewa." Yule jogoo alimla peke yake siku tatu, na siku ya tatu alilia, mtu mzima, mchuzi ukiwa kidevuni.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwezi wa Machi Brendah alituma kwa bodaboda maiki moja ya zamani iliyoanguka ikabonyea kichwa. Emorut akaifungua ili ainyooshe. Juu ya tyubu zake alizokata kwa kisu akakuta vipande vingine visivyo vyake, vyembamba, vilivyokatwa kwa makasi na kubandikwa kwa gundi nyeupe. Aliviangalia muda mrefu. Kumbe kuna mtu aliyekuwa akimmalizia kazi. Aibu ilimshika, na baada ya aibu ikaja hofu, maana mtu huchoka kurekebisha kazi ya mwingine.

Alhamisi Brendah alipofika, Emorut alikuwa ameiweka maiki mezani, tumbo wazi.

"Hii raba ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee," alisema Brendah.

"Ni maiki hii tu?"

"Ni zote. Tangu mwaka jana. Zilikuwa zinalia."

Hasira zilimpanda. "Na hukuniambia? Unanifichia kazi yangu mwenyewe?"

Brendah alivuta stuli hadi mbele yake, akaongea polepole, na Emorut akaona kila neno likitoka mdomoni. "Nilikuambia mara tatu, mzee. Mara ya kwanza hapo mlangoni. Ukasema sawa, sawa. Hapo ndipo nilipojua."

Emorut alichukua tupa, akairudisha. Alitaka kusema kwamba anaelewa, kwamba kuna mafundi vijana Busia wenye masikio mazima, lakini akaishia kufuta meza kwa kiganja.

"Wewe kata na utoboe," alisema Brendah. "Mambo ya kusikiliza niachie mimi. Mimi sijaona mkono mwingine kama huu."

Alizisikia zile sentensi, zote, na macho yakamlowa. Kisha Brendah akainama kufunga mfuko wake wa maganda, akasema jambo jingine akiwa ameelekeza uso sakafuni, na wakati huohuo lori likapiga honi barabarani. Emorut aliona tu bega lake likitikisika kidogo. Kichwa chake kilianza kwenda chini chenyewe, kama kilivyozoea. Akakizuia.

"Sikusikia," alisema. Lilimtoka kwa shida, neno ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka miwili.

Brendah akainuka, akasogea karibu na sikio lake la kulia.

"Nimeuliza kama umekula leo. Kila Alhamisi nakuuliza, nawe unasema sawa."

Emorut alitazama mikono yake iliyojaa vumbi la shaba.

"Sijala," akasema.