Mama Huyu Hachoki

Kila mwaka msimu wa tuzo za filamu unapoanza huko kwa wenzetu, mimi huwa nimekwisha kuchoka. Shule zimefunguliwa, watoto wa darasa la kwanza wanalia mlangoni, shamba la kahawa linataka palizi, na simu yangu imejaa magauni. Nikifungua mtandao ni magauni na mazulia mekundu, na watu waliopendeza wanalia kwa furaha huku wamekumbatia kisanamu. Hapa Isingiro ofisi ya walimu hugeuka jopo la majaji. Wenzangu hubishana nani kaonewa na nani kabebwa, na ukiwauliza kama wameziona hizo filamu zenyewe, mmoja atakwambia ameona kipande, mwingine anasubiri zitafsiriwe.

Kutafsiriwa kwenyewe mnakujua. Jamaa anakaa na kipaza sauti chake, anaifunika filamu nzima kwa maneno yake, anaeleza, anachekesha, anawabatiza waigizaji majina ya mtaani. Watu wanampenda, na banda la video pale senta linajaa kwa ajili yake. Mimi simwezi. Mwigizaji wa watu amejitahidi kunyamaza, amekaza taya, machozi yanamlenga, halafu huyu bwana anamjazia maneno mdomoni ambayo hakuyasema. Nimewahi kutoka katikati ya filamu kwa hasira, nikaacha hata mwavuli wangu.

Kwa hiyo msimu huo ukifika, sisi nyumbani tunaangalia filamu za zamani. Nikisema sisi nina maana ya mimi na Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu. Kijana wa duka la simu hunijazia fleshi filamu ambazo hakuna anayeziulizia, nyingine hazina hata rangi, na kila mara ananitazama kwa huruma. Jumapili tukitoka kanisani, nikishamenya ndizi na kuziinjika, nachomeka fleshi kwenye runinga, Tata anavuta kiti chake mpaka magoti yanakaribia kugusa kioo, na rimoti anaishika yeye.

Tata hasikii. Masikio yake yalianza kuziba taratibu tangu mimi nikiwa chuo cha ualimu, na sasa hata ngoma ikipigwa ukumbini haitambui. Ila anasoma midomo. Ukimsemesha Kinyambo ukiwa umemtazama usoni, anakujibu kila neno. Kiswahili anakipata nusu nusu. Lugha za kwenye filamu hazipati kabisa, na wala hajali. Anaangalia nyuso. Filamu za siku hizi zinamkera kuliko zinavyonikera mimi. "Zinakimbia," anasema. "Mtu hajamaliza kukasirika, wameshamtoa." Za zamani anazipenda kwa sababu kamera inatulia mahali pamoja. Kuna moja ambayo mwanamke anakunja nguo za mume aliyeondoka, shati moja baada ya jingine, hasemi kitu, na Tata alikirudisha kipande hicho mpaka ndizi zikaungulia jikoni. Haikupata tuzo yoyote filamu ile. Nilitafuta.

Nisidanganye, lakini. Jumapili hizo si za raha tupu. Naziangalia filamu nikiwa nimeegemea ukuta, macho yanafumba yenyewe. Tata hawezi tena kujiogesha. Usiku anakohoa, na kwa kuwa hajisikii anavyokohoa, anashangaa asubuhi nikimwambia sikulala. Kuna dawa zake, migomba ya kupunguza majani, madaftari ya kusahihisha, na jirani anayepitisha mbuzi wake kwenye kibanja chetu cha migomba kila akijua nipo shuleni. Nina kaka Mwanza na dada Dar es Salaam. Wanatuma salamu nzuri sana.

Kabla ya Krismasi nilimpigia kaka, nikamwomba aje akae na Tata japo miezi miwili, au amchukue. Nilikuwa nimejipanga maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upole, akasema: "Mdogo wangu, wewe ni mama mtupu. Mama hakuchoka hata siku moja. Hiyo damu unayo." Nikaagana naye kwa adabu, nikaenda kumenya ndizi kwa hasira.

Maana hilo ndilo jiwe nililotwishwa tangu utoto. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Sauti yake siikumbuki, na nimejaribu. Ninachokijua ni kile ninachoambiwa, na wote wananiambia kitu kimoja. Shangazi wa Kituntu kila akija: "Mama yako alilima, akachota maji, akapika, akaimba kwaya, na hakuna aliyemsikia akisema amechoka." Wanakwaya wenzake, wale waliobaki, hivyo hivyo. Nikiinama kufua huku mgongo unaniuma, namwona mama ambaye mgongo haukumuuma. Kuna siku nilimchukia, na ninaandika hivyo nikijua shangazi atasoma.

Jambo jingine tulilosikia juu ya mama ni kwamba alipigwa picha ya sinema. Watu wa kilimo walikuja na mzungu na mashine, wakati huo huku kote kukiitwa Karagwe, wakamkuta mama anaanika kahawa, wakampiga picha. Walisema gari la sinema litarudi kuionyesha. Halikurudi. Tata mwenyewe siku hiyo alikuwa amepeleka kahawa ghalani, alirudi akakuta alama za matairi uani. Kwetu filamu ile ilikuwa hadithi, na mimi nilikuwa nimekwisha kuiweka kwenye kundi la hadithi ambazo familia hujipamba nazo.

Mwaka huu nikaiona. Ilikuwa Jumamosi, msimu wa magauni umepamba moto, nami nimejinyoosha kitandani na simu baada ya kufua. Watu walikuwa wanabishana mtandaoni juu ya filamu bora za wakati wote, na mmoja akaweka orodha ya filamu zilizosahauliwa. Nikabofya ya kwanza, ikanipeleka kwa nyingine, hiyo ikanipeleka kwenye kabati la mtandaoni la filamu za serikali za zamani: usafi wa vyoo, chanjo ya ng'ombe, kilimo bora cha kahawa. Nikafungua ya kahawa kwa sababu ilikuwa fupi. Palikuwa na milima, ikaja migomba, ikaja nyumba yenye jiwe pana mlangoni, jiwe ambalo mpaka leo tunakwangulia tope miguuni. Nikakaa.

Mama alikuwa kijana. Hilo ndilo lililonipiga kwanza, kwamba alikuwa binti tu, mdogo kuliko mimi kwa miaka mingi. Amefunga kitambaa kichwani, paji la uso ni hili langu, anageuza kahawa kwenye kichanja kwa viganja. Kamera inamsogelea. Anainua uso, anasema kitu. Anasema kwa muda, midomo inakwenda, mkono mmoja unaonyesha nyumba. Na juu yake, juu ya mama yangu, mtangazaji wa kiume mwenye sauti nzito na Kiswahili safi anasema: "Mama huyu anatueleza kwamba tangu aanze kuanika kahawa kwenye vichanja, kazi imekuwa nyepesi, na hachoki tena."

Basi. Muziki ukapigwa, ikaja mizani na magunia. Nikarudisha. Nikaweka sauti juu, nikaweka chini, nikabana simu sikioni nikidhani huenda nyuma ya mtangazaji kuna uzi wa sauti yake. Hapakuwa na kitu. Kamera ile haikuchukua sauti. Nililia, na kilichoniliza zaidi ni lile neno la mwisho la mtangazaji. Hata yule bwana asiyetujua, wa mbali, naye alikuwa na ujumbe uleule wa shangazi.

Nilifikiri kuacha. Ningemwonyesha Tata ili iweje? Angemwona, angeumia, usiku ningekesha naye. Kisha nikaona ni wizi kumficha mtu mke wake. Jumapili nikapitia duka la simu, kijana akaihamishia kwenye fleshi, nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya Tata ili anione mdomo, nikamwambia: "Leo kuna mama."

Hakunielewa. Alidhani nimesema kuna mgeni, akaanza kutafuta fimbo yake. Nikaiwasha.

Milima haikumgusa. Nyumba ilipotokea akaguna. Mama alipotokea, akanyoosha mkono kana kwamba kuna mtu anataka kuzima, na mimi nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikisikia joto la runinga usoni. Kamera ikasogea. Mtangazaji akaanza na Kiswahili chake safi, "Mama huyu anatueleza," na hapo hapo Tata akasema kwa Kinyambo, kwa ile sauti ya wasiosikia inayofika mpaka barabarani:

"'Niacheni.'"

Nikageuka.

Akarudisha kwa rimoti. Mama akainua uso tena, mtangazaji akaanza tena, na Tata akamfuata mama neno kwa neno, polepole, midomo yake ikienda pamoja na ya mama: "'Niacheni basi. Nimechoka. Tangu asubuhi nimesimama. Mwambieni huyo atoe mashine yake, mtoto analia ndani.'"

Nikamshika goti ili anitazame. "Tata, una hakika?"

"Hakika ya nini?"

"Kwamba amesema amechoka."

Akanitazama kama ninavyotazama mtoto wa darasa la nne aliyeshindwa kujumlisha. "Nimeishi na mdomo ule. Unadhani siujui?" Akarudisha tena. "Angalia hapo. Omwana. Anasema mtoto. Ni wewe huyo, hatukuwa na mwingine mchanga."

Niliangalia. Sasa nilimwona. Midomo ikafumba, ikafunguka: omwana. Mkono ulioelekea nyumbani haukuwa unasifia nyumba. Ulikuwa unanielekea mimi niliyekuwa ndani nalia, na mtangazaji alikuwa anaendelea juu yangu pia.

"Watu wote wanasema mama alikuwa hachoki," nikamwambia. "Shangazi. Kaka. Kanisani."

"Watu gani? Walilala naye?" Tata akacheka, kicheko chenye kikohozi ndani yake. "Kila usiku alisema. Anavua kitambaa, anakaa ukingoni mwa kitanda, anasema nimechoka. Mimi ndiye niliyeambiwa. Hao angewaambia wangemfanyia nini?"

"Na wewe ulimfanyia nini?"

Akaiweka rimoti mapajani. Kisha akasema: "Kidogo." Akajipangusa macho kwa mkono wa shati. "Nilimfanyia kidogo, mwanangu. Nilidhani muda upo."

Mimi sikuwa nimepanga lililofuata. Nilikuwa nimechoka kama mama yangu, sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona aibu. Nikasogea mbele ya runinga, nikamziba mama, nikauweka uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, nikalitamka neno lile vizuri, kwa Kinyambo, ili asikose hata silabi.

"Tata. Nami nimechoka."

Alinitazama vile anavyotazama zile filamu zake za zamani, bila haraka, mpaka nikataka kugeuka. Sikumbuki mara ya mwisho kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

"Nipigie kaka yako," akasema.

Nikapiga. Kaka akapokea, nikampa Tata simu. Akaishika mbele ya mdomo, hakusumbuka hata kuiweka sikioni.

"Wewe," akasema. "Ni baba yako. Dada yako amechoka. Jumamosi uwe umefika hapa, uje unioshe mgongo. Sijakuuliza una nafasi au huna."

Kwenye simu kaka alikuwa ameshaanza. "Tata, shikamoo, Tata, nisikilize kwanza, mwezi huu kazini mambo yamebana, hebu tuongee taratibu..." Tata alikuwa amekwisha kunirudishia simu, anatafuta rimoti iliyoangukia chini ya kiti. Nilimwachia kaka aongee mpaka akaishiwa. Kisha nikamwambia kwamba Tata hasikii, na kwamba tutamtegemea Jumamosi.

Vyombo nikaviacha vichafu. Nikaenda kujilaza mchana kweupe, viatu miguuni, mlango wazi. Kutoka sebuleni nilisikia filamu ikirudishwa mwanzo. Mtangazaji akasema mama huyu hachoki tena, na Tata, asiyemsikia, akasema kwa sauti yake kubwa: "'Nimechoka.'"