Nyumba ya Magurudumu na Jina Kwenye Kadi

Kule mtoni tunakovua, mbele ya Ipole, hairuhusiwi kujenga. Msimu wa kiangazi ukifunguliwa unapewa kibali, unaingia porini, unapiga kibanda cha nyasi, na mvua zikikaribia unakibomoa na kuondoka. Wanaume hawajali. Wao hulala popote, hata juu ya magunia ya chumvi. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu katika dago lile, kambi yetu ya wavuvi, na kazi yangu ilikuwa kununua kambale na perege, kuwabanika, na kuwaleta Tabora mjini. Msimu wa kwanza niliibiwa tenga zima la samaki waliokwisha kauka. Msimu wa pili sikuweza hata kuoga bila kumwomba mpishi wa dago asimame nje ya nyasi zangu na kukohoa kila mtu akipita.

Ndipo nikapata wazo la nyumba yenye magurudumu. Kibali kinakataza kujenga, hakikatazi kuegesha.

Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Cheyo alicheka nilipoanza kumweleza, kisha akachukua chaki na kuichora sakafuni. Tulipata fremu ya tela lililoachwa na wakandarasi wa barabara, zima kabisa, namba yake ya chuma bado inasomeka. Juu yake akasimamisha chumba cha bati na mbao: kitanda cha kukunja, dirisha la wavu, rafu za samaki upande mmoja, mlango wa makomeo mawili. Siku ilipokamilika nilijifungia ndani nikakaa nusu saa bila kufanya lolote. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na hicho kilikuwa chumba changu cha kwanza ambacho hakuna aliyenipa.

Siku ya kwanza kuivuta hatukufika mbali. Kabla hatujaumaliza mji, askari wa usalama barabarani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, alitusimamisha.

"Mama, kadi ya tela iko wapi?"

Nikampa kadi ya pikapu niliyoikodi.

"Hii ni ya gari. Tela nalo ni chombo. Lina kadi yake, namba yake na bima yake."

"Lakini afande, gari lina bima."

"Bima ya gari hailindi nyumba yako. Ikichomoka ikamgonga mtu, utajibu wewe. Na taa za breki ziko wapi? Riflekta? Mnyororo wa kushikilia, pini ikikatika?" Akaizunguka nyumba yangu yote, akachungulia dirishani, akatabasamu kidogo. "Nzuri. Irudishe nyumbani, uihalalishe, uje upite hapa kwa raha."

Nilirudi nimenywea. Nikaenda moja kwa moja kwa kaka yangu.

Kaka ndiye aliyenilea baba alipofariki. Ndiye aliyenipeleka shule akinishika mkono, ndiye aliyekaa kwenye mkeka siku ya posa yangu, na ndoa ilipovunjika ndiye aliyekuja na mkokoteni kubeba vyombo vyangu. Kazi yake ilikuwa kuwashughulikia watu makaratasi ya magari. Alijua dirisha gani la kwenda na fomu gani ya kujaza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona uso huo?"

Nikamsimulia. Akacheka, akaniambia nikae.

"Mdogo wangu, wewe shughulika na samaki. Makaratasi niachie mimi."

"Nataka bima kubwa," nikasema. "Siyo ile ndogo ya kumlipa mtu uliyemgonga tu. Nataka na nyumba yenyewe ilipwe ikiharibika."

"Bima kubwa utapata."

Nikampa risiti ya fremu na fedha alizotaja. Fundi akafunga taa, akabandika riflekta nyekundu nyuma na nyeupe mbele, akaongeza minyororo miwili. Baada ya wiki tatu kaka alikuja na kibao cha namba, akakifunga mwenyewe kwa bisibisi huku akiimba.

"Na kadi?" nikamuuliza.

"Kadi naiweka mimi. Kule porini italiwa na mchwa. Trafiki siku hizi hawaangalii karatasi, wanaangalia simu."

Alisema kweli. Yule askari mrefu aliingiza namba kwenye simu yake, akasubiri, akanyanyua kichwa. "Iko hai. Nenda mama, safari njema." Misimu miwili nilipita hivyo, kwenda na kurudi. Kila mwaka nilimpelekea kaka fedha ya bima pamoja na kambale wawili wakubwa, mmoja wake na mmoja wa mama yetu, ambaye aliishi kwake. Dagoni wanaume waliizoea nyumba yangu, hata wakawa wananiwekea simu zao na dawa zao humo kwa sababu ilifungwa.

Msimu wa tatu wa nyumba hiyo mvua iliwahi. Tulikuwa tunarudi, hatujafika Ipole, barabara imegeuka uji. Dereva alikuwa mtu makini, lakini kwenye mteremko tela lilianza kucheza nyuma yetu, kushoto, kulia, kushoto. Pini ikakatika. Mnyororo mmoja ukavutika, wa pili ukakatika, na nikaiona nyumba yangu kwenye kioo cha pembeni ikiinama taratibu, kama mtu anayekaa chini, ikaingia mtaroni na kulala chali. Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja wa hapo, mfuga nyuki, alitoka kwake akanisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayo," kisha akaangalia alichokuwa anakiangalia kila mtu. Bati lilikuwa limekunjika kama karatasi. Samaki walikuwa kwenye maji. Sikulia. Nilisema kwa sauti, dereva akasikia, "Alhamdulillahi, ina bima kubwa."

Kaka alinipokea mlangoni. Nilipomaliza kusimulia aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, mdogo wangu. Mwaka huu walinipa bima ndogo. Kubwa walisema hawakati kwa nyumba ya kwenye tela. Nilitaka kukuambia."

Machozi yalimtoka, na mimi ndiye niliyemfariji. Nilimwambia asijilaumu, ni kadari ya Mungu. Wiki ile alinitumia unga na mafuta ya kula. Mabaki ya nyumba akasema atayashughulikia yeye, nisiende kuyaona, nitaumia bure.

Miezi mitatu baadaye yule askari alikuja kununua samaki kwenye meza yangu sokoni, hana sare, na ilinichukua muda kumtambua.

"Mama wa nyumba! Umepotea. Nilisikia ilianguka. Vipi, bima wamekulipa?"

"Kina nani? Ilikuwa bima ndogo."

Akaacha kuchagua samaki. "Hapana. Mimi nilikuwa naiona kila ukipita. Ilikuwa kubwa. Hata mwaka huu."

Nilifunga meza saa nne asubuhi. Ofisi ya bima nilikuwa sijawahi kuingia. Dada wa mapokezi aliandika namba ya tela ambayo niliijua kwa moyo, akasoma kioo cha kompyuta yake.

"Hili dai limeshafungwa, mama. Mwenye mali ameshalipwa."

"Mwenye mali ni mimi."

Akanitajia jina la ukoo kuniuliza kama ndilo langu. Nikasema ndiyo, ndilo, nikafurahi kama mjinga, nikidhani kuna fedha yangu imekwama mahali. Kisha akaniomba kitambulisho. Akakilinganisha na kioo, akakirudisha polepole kwa mikono miwili.

"Mama, huyu wa kwenye kadi ni mwanamume. Unamfahamu?"

"Ni kaka yangu."

"Basi kamuulize kaka yako," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kuliko nilivyoweza kustahimili.

Nilimkuta barazani na mama. Sikusalimia. Nikasema tu, "Tela uliliandikisha kwa jina lako."

Hakukana. Ningependa angekana, walau siku moja. Alisema, "Nilikuwa nakushikia. Ungeolewa tena, mume angelichukua."

"Na malipo?"

"Mimi nimekulea," akasema. "Hesabu na hilo."

Nikamgeukia mama ili amkemee. Mama alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua.

"Aliniambia," akasema. "Alisema atakupa kidogo kidogo. Msitie aibu nyumba ya baba yenu kwa ajili ya bati."

Kaka ningeweza kumchukia, na nikamchukia. Kwa mama sikujua niweke wapi mikono yangu. Niliondoka nikatembea mpaka Cheyo kwa miguu, na njiani nikakumbuka kila kambale niliyempelekea.

Kikao cha ukoo kiliitwa. Wajomba walisema kaka amekosea na mimi nimekosa adabu kwa kuingia bila salamu. Akaamriwa kuniomba radhi, akaomba, akiangalia mkeka. Hakuna kilichorudi. Mabaki alikuwa ameshayauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Nilianza upya na fremu ndogo zaidi. Safari hii nilipanga foleni mwenyewe, nikakosea fomu mara mbili, nikarudishwa, nikarudi. Bima niliisoma mstari kwa mstari mbele ya yule dada wa mapokezi, nikimuuliza kila neno.

Idd iliyopita kaka alikuja kwangu na mama. Sikuweza kumfungia mlango mama. Wakati wa pilau jirani mmoja aliisifu nyumba iliyoegeshwa uani, na kaka, mdomo umejaa, akamwambia, "Mimi ndiye niliyemfundisha mambo ya makaratasi." Mama akaitikia kwa kichwa. Nilichukua jagi la maji, nikamnawisha kaka mikono kama desturi inavyotaka, kisha nikaenda jikoni nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi mpaka walipoondoka.